Mto wa Magoti

Mtaani walimwita Nta, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Jina lilimkaa kwa sababu alinukia nta ya nyuki kuanzia kilemba hadi visigino, hata siku ambazo hakuigusa. Asubuhi alipiga pasi kwenye duka la dobi, jioni aliirudia sakafu ya nyumba yao, na tangu baba yao afariki hakuna mkono mwingine uliokuwa umeigusa sakafu hiyo isipokuwa wake na wa mama yake. Wanaojua mambo ya nyumba wataelewa. Wengine watasema sakafu ni sakafu tu, na hao tuwaache na saruji yao.

Maana ile haikuwa sakafu ya mchezo. Zilikuwa mbao pana za msaji, sebule nzima kutoka dirishani hadi mlangoni, alizozipigilia baba mwenyewe alipokuwa seremala kijana. Zilikuwa zimezeeka. Zilikuwa na makovu ya miguu ya viti, na doa moja jeusi pale mtu alipowahi kuangusha kaa la moto. Lakini Nta akishazipitia, ukiinama ungeiona taa ya dari ndani yake. Mgeni akifika alisimama mlangoni akavua viatu bila kuambiwa, kisha akauliza, "Nani anaisafisha hii?" Mama angeelekeza kidevu jikoni na kusema, "Huyo hapo." Basi, maneno mawili. Nta aliishi kwa maneno hayo mawili kama wengine wanavyoishi kwa mshahara.

Kisha mdogo wake akaoa.

Huyo mdogo wake alikuwa dereva wa lori, leo yuko hapa, kesho hajulikani alipo. Alimleta mke nyumbani, akakaa naye kidogo, akapanda lori lake akaenda zake, akawaacha wanawake wenyewe kwa wenyewe. Mke alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye sauti inayofika jikoni kabla yake. Mama alimwita Bi Harusi, na miezi ikapita, bado ni Bi Harusi. Bi Harusi njoo. Bi Harusi umekula? Bi Harusi hebu nisomee, hii dawa imeandikwaje.

"Harusi gani hii isiyokwisha?" Nta alimuuliza mwenzake pale kwa dobi. "Mpaka maua yameshanyauka."

Mwenzake alicheka. Nta hakuwa anatania.

Tuseme ukweli, wivu wake haukuanzia kwenye sakafu. Ulianza siku aliyomsikia Mama akicheka. Mama hakuwa mtu wa kucheka. Jambo likimfurahisha sana alikohoa. Siku hiyo Bi Harusi alimwigiza jirani anavyofukuza paka, huku amejishika kiuno na kope zinampepea, na Mama akacheka hadi akashika ubavu. Nta alikuwa jikoni, sufuria mkononi. Alijaribu kukumbuka kama yeye amewahi kumchekesha mama yake namna ile, akatafuta mwaka mmoja baada ya mwingine, akakosa. Roho ilimuuma. Aliisugua ile sufuria mpaka ikapungua unene.

Hata hivyo alijipoza: sakafu bado ni yangu. Vicheko chukua, sakafu niachie.

Siku moja kazi ilikuwa ndogo kwa dobi, akarudi mapema. Alipofika tu getini harufu ikampokea, nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta na maganda ya limau. Alisimama pale na ufunguo mkononi. Harufu ile ilikuwa yake. Alipokuwa msichana Mama alimwita jikoni, akamwonyesha namna ya kukiweka kikopo cha nta ndani ya maji ya moto ili isiungue, na kiasi cha mafuta ya kitani cha kuchanganya, kisha akamwambia, "Hii si ya kila mtu." Nta aliyaweka maneno hayo moyoni kama dhahabu ya harusi. Aliyaelewa hivi: ni yangu mimi na Mama.

Aliingia. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, fimbo mapajani. Bi Harusi alikuwa chini, kitambaa mkononi.

"Kamua tena," Mama alikuwa akisema. "Kisidondoshe hata tone. Mbao haziogeshwi, zinapanguswa. Siki kidogo tu kwenye maji ya uvuguvugu, ukizidisha unaila nta ya zamani. Na beseni linakaa hapo hapo mlangoni, halivuki kizingiti. Unaanzia dirishani unarudi kinyumenyume."

"Nisije nikajifungia dirishani mwenyewe," alisema Bi Harusi.

"Yupo aliyewahi," Mama alijibu, akakohoa kile kikohozi cha furaha.

Aliyewahi alikuwa Nta, siku ya kwanza kabisa. Kumbe hata hilo limekuwa hadithi ya kumchekeshea mgeni.

Lakini hayo yote angeyameza. Kilichomkwama kooni kilikuwa chini ya magoti ya Bi Harusi. Alikuwa amepiga magoti juu ya mto wa Mama.

Mto huo Mama aliushona mwenyewe, kwa kitambaa cha koti la zamani la baba, akaujaza vipande vya nguo. Aliupigia magoti miaka yote alipokuwa na nguvu za kushuka chini. Nta alijifunza kazi pembeni ya mto huo, magoti yake yakiwa kwenye mbao tupu. Siku magoti ya Mama yalipostaafu, mto ulitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, ukabaki hapo. Nta aliupita asubuhi na jioni. Hakuwahi kuugusa. Kwake yeye, kitu kama hicho mtu hajichukulii; anangoja apewe. Akangoja. Magoti yake yakaota sugu, kisha yakaanza kukwama, ikawa akimaliza kazi anasubiri kila mtu atoke sebuleni ndipo ajivute taratibu, ashike kizingiti cha dirisha, ajinyanyue peke yake huku ameuma meno. Hakutaka mtu amwone.

Na huyu, hata mwaka hajamaliza, ameshaupata.

"Wifi, umerudi?" Bi Harusi alisema kwa uchangamfu. "Njoo unirekebishe, Mama ananisimanga tu hapa."

"Endelea," alisema Nta. "Unaweza."

Alikwenda chumbani akakaa kitandani, kilemba bado kichwani, viatu bado miguuni. Hakulia. Mtu wa kumlilia alikuwa sebuleni anafundisha.

Wiki ile ile Mama akatoa jingine. Wazazi wa Bi Harusi walikuwa wanakuja Jumapili, mara yao ya kwanza kuiona nyumba aliyoolewa mtoto wao.

"Sakafu ataifanya Bi Harusi," Mama alisema wakiwa mezani. "Wazazi wake waone mkono wake."

"Sawa," alisema Nta.

"Wewe utapumzika."

"Nimesema sawa, Mama."

"Nimekusikia. Nakwambia tu."

Kupumzika. Nta alilitafuna neno hilo usiku kucha. Mfanyakazi anayeachishwa kazi naye huambiwa akapumzike. Aliwaona wageni mlangoni wakivua viatu, akamwona Mama anaelekeza kidevu, na kidevu hakielekei jikoni. Huyo hapo. Aliwaza hilo mpaka kichwa kikamuuma.

Ijumaa Bi Harusi aliamka na kazi. Alifagia kwa ufagio laini, akapangusa kwa maji ya siki, akapitisha chai ya rangi iliyokolea na kupoa, isiyo na sukari, ile inayorudisha wekundu kwenye mbao zilizopauka. Nta aliyaona hayo akiwa anaondoka kwenda kazini, na aliona pia mkono wenyewe. Bi Harusi alisugua kwa kuzungusha. Duara, duara, duara. Kila Nta alipotazama mkono ule meno yalimsisimka.

"Anasugua kama anaosha sufuria," alimwambia Mama koridoni.

"Atajifunza."

"Mbao zina mistari yake. Unaifuata, unanyoosha mkono."

"Najua," Mama alisema. "Mimi ndiye niliyekufundisha."

Mchana, wakati wa kula, Nta aliaga kwa dobi akarudi nyumbani. Alijiambia amesahau miwani. Hakuwa na miwani ya kusahau. Aliyokuwa nayo ilikuwa usoni.

Nyumba ilikuwa kimya. Mama alikuwa amemeza dawa yake amelala. Bi Harusi alikuwa ameenda sokoni kununua limau, ameiacha sakafu ikauke vizuri ili jioni apake nta. Beseni la maji ya siki lilikuwa mlangoni, hapo hapo linapotakiwa kuwa. Na sakafu, ikitazamwa kutokea pale, ilikuwa imependeza.

Hilo ndilo lililommaliza. Angeikuta imevurugika, yenye mabaka, pengine angecheka kimoyomoyo akarudi kazini. Lakini chai ilikuwa imeshika, wekundu ulikuwa umerudi hadi kwenye zile mbao za pembeni ambazo hata yeye zilikuwa zikimsumbua. Mkono wa duara umefanya hivi? Umejifunza lini? Nta aliona miaka yake yote imefikiwa kwa mtu kujaribu mara mbili. Kijicho kilimpanda, na mguu ukatangulia akili. Alilipiga beseni teke.

Maji yalienda mbali kuliko alivyofikiri. Yalitambaa juu ya mbao, yakapita katikati ya sebule, yakaanza kuingia kwenye viungo vya mbao na mbao. Nta aliyatazama, na kwa muda mfupi, tusimfichie, alifurahi.

Kisha akasikia kitu ambacho wewe na mimi tusingesikia. Mbao zilikuwa zinakunywa. Baba yake alizilaza moja moja hizo, na maji yametuama juu yake. Hakuweza kuziacha. Alikivua kilemba chake, akapiga magoti, akaanza kukausha. Alianzia dirishani akarudi kinyumenyume, mkono umenyooka, anafuata mistari, anainua kitambaa mwisho wa kila ubao na kukikamua ndani ya beseni. Alipitia hata kona. Alipomaliza, sakafu ilionekana kavu kabisa. Akamwaga maji nje, akalirudisha beseni mlangoni, akajinyanyua kwa kizingiti cha dirisha, akarudi kupiga pasi mashuka ya watu bila kilemba.

Hapo ndipo alipoharibu kwelikweli. Angeyaacha maji yale pale pale, Bi Harusi angerudi, angeyaona, angepiga kelele, angekausha, angengoja hadi kesho yake. Lakini Bi Harusi alikuta sakafu imekauka juu, akadhani beseni Mama amelimwaga, akachukua nta akapaka. Nta ya nyuki ikipakwa juu ya mbao zilizoshiba maji inayafungia ndani, na maji hayapendi kufungiwa.

Jumamosi asubuhi kilio cha Bi Harusi kiliwatoa wote vitandani. Sebule nzima ilikuwa imefanya ukungu. Weupe mzito kama pumzi kwenye kioo, ila huu hukuweza kuufuta. Bi Harusi alikuwa amesimama katikati, mikono kichwani.

"Mama, nimeharibu. Sijui nimefanya nini. Nilikausha, Mama, nilikausha."

Mama alikuja na fimbo yake, akasimama mlangoni. Aliitazama sakafu kwa muda mrefu. Alisogea hadi dirishani, akaitazama tena akiwa upande ule. Nta alikuwa koridoni, amejitia hamnazo, anafunga na kufungua kifungo kimoja cha gauni.

"Bi Harusi," alisema Mama, "nenda dukani ukaniletee siki."

"Siki ipo, Mama."

"Kalete nyingine."

Bi Harusi alienda akifuta machozi. Mlango ulipofungwa Mama alielekeza fimbo chini.

"Umeuona huu weupe?"

"Nimeuona."

"Umekaaje?"

Nta alitazama, na damu ikamwisha usoni. Ukungu haukuwa umetapakaa ovyo. Ulikuwa umejipanga. Ulikwenda kwa mistari mirefu, iliyonyooka, kutoka dirishani hadi mlangoni, kila mahali kitambaa kilipoyasukuma maji. Hakukuwa na duara hata moja.

"Anasugua kama anaosha sufuria," alisema Mama. "Uliniambia wewe mwenyewe jana. Sasa huu ni mkono wa nani?"

Nta aliachia kifungo cha gauni.

"Mtu mwenye nia ya kuharibu anamwaga, anaondoka. Mpaka kona umekausha." Sauti ya Mama haikupanda. "Sijui nikupige au nikusifu."

Ndipo likamtoka. Hakupanga kusema, na hakuwa amepanga liwe hilo.

"Umempa mto."

"Mto gani?"

"Mto wako, Mama. Wa magoti. Mimi nimepiga magoti humu kwenye mbao tupu tangu ningali msichana. Hukuwahi kunipa. Yeye amekuja juzi tu, umempa."

Mama alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni. Akaketi kwenye kiti chake.

"Aliomba," alisema.

Nta alingoja maneno mengine.

"Alisema magoti yanamuuma, akauliza ule mto pale msumarini ni wa nini, akaomba. Nikampa. Wewe yanakuuma?"

"Mama, nakwama. Siwezi kuinuka."

"Umewahi kuniambia?"

Hapo Nta angeweza kusema mengi. Kwamba mzazi anatakiwa kuona. Kwamba mtoto haombi kitu ambacho kila mtu anajua anakitaka. Alikuwa na hotuba nzima, aliiandaa miaka. Akafungua mdomo, hotuba ikagoma.

"Huwa unatufukuza sebuleni ukimaliza," alisema Mama. "Nilidhani unapenda kuwa peke yako na sakafu yako. Basi, kesho watu wanakuja. Tengeneza."

Nta alikwenda kwa dobi akaazima pasi nzito, ile iliyo tulivu kwa moto mdogo. Alijua jambo moja ambalo mama yake hakumfundisha, alilijua kwa kupiga pasi nguo za watu: unyevu uliofungiwa hutolewa kwa joto la pole. Alitandika shuka la pamba juu ya mbao, akapitisha pasi bila kuikaza, akainua, akatazama. Chini ya shuka ukungu ulikuwa umepungua. Akapitisha tena. Kwa mara ya kwanza tangu nyumba ijengwe, sakafu yake ilipigwa pasi kama suruali.

Bi Harusi alikuwa pembeni yake, anageuza shuka, anafungua madirisha, na anaomba radhi. Aliomba radhi alipoleta maji, akaomba alipoondoa kiti. Angekuwa anamkomoa, Nta angevumilia. Lakini alikuwa anamaanisha.

"Wifi, nisamehe. Nimekuharibia sakafu yako."

Sakafu yako. Nta aliiweka pasi wima.

"Maji nilimwaga mimi," alisema. "Ijumaa mchana. Nikakausha juu, ndiyo maana hukuyaona. Hukuharibu kitu."

Bi Harusi alinyamaza, na kwa mtu yule kunyamaza kulikuwa habari.

"Ulimwaga kwa bahati mbaya," alisema hatimaye.

"Hapana."

Bi Harusi alisimama. Alitoka. Mlango wa chumba chake ulipigwa kwa nguvu hadi picha ya baba ikainama ukutani. Nta alirudi kwenye pasi, magoti kwenye mbao tupu, akisogea ubao kwa ubao. Aliona anastahili, na hata huko kustahili kulikuwa na utamu wake mdogo. Alikuwa bingwa wa kuumia kimya. Alikuwa amefika katikati ya sebule kitu kilipoanguka karibu yake, puu.

Ulikuwa mto.

"Weka magoti," alisema Bi Harusi akiwa mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Na usidhani nakupa kwa kukupenda. Wazazi wangu wanakuja kesho. Sakafu ikibaki hivi aibu ni yangu, si yako."

"Najua."

"Mimi nilidhani mnanipima. Mama ananifundisha, wewe unanitazama, nikasema hapa nikikosea nimekwisha. Ungesema tu unaitaka sakafu yako. Ningekurudishia siku ile ile. Unadhani napenda kutambaa?"

Nta aliuvuta mto, akaupigia magoti. Na hapo akagundua jambo ambalo angeweza kuligundua zamani kama angeuteremsha tu kutoka msumarini. Mto ulikuwa umebonyea. Vipande vya ndani vilikuwa vimeshikana vikawa vigumu kama ubao wenyewe. Koti la baba lilikuwa limechakaa, limebaki nyuzi. Ndiyo mto uliomkosesha usingizi. Aliupigia magoti hivyo hivyo hadi jioni, na hakuondoka juu yake.

Usiku ule walipaka nta upya, nyembamba, Nta kwa mkono wa kunyoosha, Bi Harusi kwa mkono wa duara, hawasemezani. Jumapili asubuhi Bi Harusi alivaa soksi za zamani za sufu za mumewe, akasugulia sakafu kwa miguu, anateleza huku na huko kama mtoto. Mama alikohoa. Nta alisikia kikohozi kile, na hata siku ile, hata baada ya yote aliyofanya, kilimchoma.

Wageni walifika baada ya chakula cha mchana. Baba mtu alikuwa mrefu na mpole. Mama mtu alikuwa na sauti, na hapo Nta akajua ile nyingine ilitoka wapi. Walifika mlangoni, wakatazama ndani, wakavua viatu bila kuambiwa. Jua lilikuwa dirishani. Mbao zilikuwa zinawaka.

Viti havikutosha. Nta aliuchukua mto wa magoti, akaketi juu yake sakafuni karibu na mlango wa jikoni, mbali na dirisha. Alitaka kuwa mdogo siku hiyo.

"Haya," alisema mama mtu akipitisha kiganja kwenye ubao. "Nani anaisafisha hii?"

Nta aliangalia kidevu cha Mama. Hakikusogea. Mama aliegemea fimbo yake akamtazama Bi Harusi, na Bi Harusi akamtazama Nta. Sebule nzima ilikuwa mikononi mwa yule mwanamke mwembamba. Angeweza kusema lolote. Mbele yake walikaa watu wawili ambao wangemwamini kwa kila neno, na wangeondoka na jina la Nta wakalitembeze hadi kwao.

"Tumefanya wawili," alisema Bi Harusi. "Wifi kapiga pasi, mimi nimepiga soksi."

"Pasi?" baba mtu aliuliza.

"Pasi, baba. Ndiyo kazi yake. Usimwone hivi, ni fundi." Akatabasamu, na tabasamu lilikuwa na ncha. "Na maji pia alileta wifi. Maji mengi."

Kijembe kile kilitua pale pale kilipotumwa. Nta alihisi masikio yanawaka. Mama alianza kukohoa, akakohoa tena, kisha ikamshinda, akacheka, akashika ubavu. Wageni nao wakacheka kwa adabu bila kujua wanachekea nini. "Wanapatana hawa," mama mtu alimwambia mumewe. Nta alicheka kidogo ili asiwe peke yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumchekesha mama yake, na hata hiyo kachekeshewa na mwingine.

Jua lilipopungua wageni walisimama kuaga. Watu wote wakainuka, viti vikarudi nyuma. Nta alijaribu kuinuka nao, magoti yakakataa. Alijaribu tena, akijifanya anatafuta kitu chini. Dirisha lilikuwa upande wa pili, kizingiti chake mbali. Wakati wote huo alijua la kufanya: kungoja. Watatoka, nitajivuta, hakuna atakayejua.

Akainua macho. Mama alikuwa bado hajaenda mlangoni. Alisimama kwa fimbo yake, anamtazama, mkono wake mmoja uko huru, na hakuunyoosha.

Wageni walikuwa wanavaa viatu. Watasikia.

"Mama," alisema Nta. Sauti haikutoka vizuri, akairudia. "Mama, niinue. Siwezi."

Mkono ukaja hapo hapo, kama ulikuwa unangoja kuitwa. Ulikuwa mkavu, mwepesi, una nguvu kidogo sana. Ulivuta, haukutosha.

"Bi Harusi," Mama aliita, "acha viatu vya watu, njoo ushike upande huo."

Bi Harusi alikuja, bado na soksi za mumewe miguuni. Alimshika wifi yake chini ya kwapa, bila upole na bila ukali, na kwa pamoja wakamsimamisha. Nta alisimama katikati yao juu ya sakafu yake, huku wageni wakitazama kutoka mlangoni. Angependa awe Mama peke yake. Lakini magoti hayakumwachia nafasi ya kuchagua, na hakuuachia mkono wowote mpaka alipokuwa na hakika amesimama.